Moduli ya Kinyozi

Kazini walimwita Kinyozi, ingawa hakuwahi kushika wembe. Alikuwa mwandishi wa programu, na sifa yake ilikuwa kuzinyoa: alipunguza mistari mpaka kompyuta ikakimbia. Alipostaafu alibaki na moduli yake moja, kipande cha programu kilichopima usikivu wa watoto wachanga kwa kunasa mwangwi mdogo unaotoka sikioni. Hospitali nyingi ziliitumia bila kulijua jina lake.

Aliiandika kwa lugha ngumu ya kompyuta, ile ya kukompailiwa, yaani kugeuzwa kwanza kuwa amri za mashine, ili ipachikwe ndani ya lugha nyepesi waliyoizoea watu wa hospitali. Taabu ni kwamba lugha hiyo nyepesi ilitoa toleo jipya kila mwaka, na moduli iliyojengwa kwa toleo la zamani ilikataa katakata kufunguka kwenye jipya. Basi kila mwaka Kinyozi alijifungia chumba cha nyuma akaijenga upya, toleo kwa toleo, na kwa kila aina ya kompyuta. Alitoka humo macho mekundu, uso umejaa furaha. Mkewe alizoea kusema ameletewa mke mwenza asiyekula wala kuzeeka.

Kisha akaanza kusahau. Alianza na funguo, ikafuata njia ya kurudi nyumbani, halafu jina la mjukuu wake. Mwaka huo toleo jipya lilitoka, na chumba cha nyuma kikabaki kimya.

Siku moja fundi wa kompyuta wa hospitali alipiga simu.

"Samahani dada, tumeweka kompyuta mpya na ile programu ya masikio imegoma. Mzee yupo?"

"Yupo," alijibu binti wa Kinyozi.

Binti naye alikuwa mwanaprogramu. Alimketisha baba yake mbele ya skrini, akafungua moduli. Mzee aliitazama kwa muda mrefu.

"Nani kaandika hii?"

"Mtu mmoja tu, baba."

"Alikuwa na haraka huyo. Ona, anaruka ukuta badala ya kupita mlangoni."

Na kweli. Ili kuokoa muda, Kinyozi alikuwa amechomeka mkono moja kwa moja kwenye matumbo ya lugha, na matumbo hayo hubadilika kila toleo. Binti angeweza kuijenga kwa toleo la mwaka huo tu, yakaisha. Lakini mwakani je? Na siku ambayo hata yeye hatakuwepo?

Akaamua kupita milangoni, ile ambayo watunzaji wa lugha wameahidi hawataifunga, ili kifurushi kimoja cha programu, kikishajengwa mara moja, kifanye kazi kwenye matoleo ya zamani, mapya na yajayo. Ilimbidi azifute njia za mkato ambazo baba yake alijivunia maisha yake yote. Pembeni ya mstari mmoja alikuta maneno ya mzee: "Usiguse. Nimehangaika sana hapa." Alikaa, akanyanyuka, akarudi. Mwishowe aliufuta mstari, na maneno yake pia.

Fundi alipiga tena. "Inafanya kazi kote, dada! Imepungua kasi kidogo, lakini mtoto mchanga ana haraka ya kwenda wapi?"

Binti alicheka pamoja naye. Alipokata simu alikwenda jikoni, akafungua bomba ili mama yake asimsikie akilia.

Asubuhi moja, akili ya mzee ikiwa imetulia, walimkuta chumba cha nyuma amevaa shati safi.

"Toleo jipya limetoka?"

"Limetoka, baba."

"Basi nipishe, watu wananisubiri."

Binti alitamani kumdanganya. Hakuweza.

"Haihitaji kujengwa tena, baba. Kifurushi kimoja sasa kinatosha matoleo yote."

"Hata mwakani?"

"Hata mwakani."

"Umefanya kazi nzuri, mama," alisema taratibu, na kwa kitambo hicho alikuwa Kinyozi mwenyewe. Kisha akaangalia mikono yake. "Sasa mimi nifanye nini?"

 Binti alivuta kiti kingine, akaketi karibu naye.