Mjane wa Ndani ya Gemu

Chiriku aliandika michezo ya redio mpaka kituo chake kilipofungwa. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake, wala hakulichukia. Siku hizi anafanya kazi ghorofani, juu ya duka la vipuri, katika chumba chenye feni moja inayompuliza bosi peke yake. Anaandika maneno ya watu wa ndani ya gemu.

Nilipomtembelea nilimkuta amenuna. Katika gemu yao, mchezaji ni mchimba visima anayezunguka vijiji vilivyokauka. Chiriku alikuwa amemwandikia mjane mmoja, aliyefiwa na mumewe kisimani, maneno ya kueleza jinsi alivyohisi kamba ikilegea mkononi. Nimesikia hadithi kwa lugha nyingi; chache zimenikaa kama ile. Lakini kila aliyeletwa kuijaribu gemu alibonyeza kitufe cha kupitisha maneno mjane akiwa ndiyo kwanza anafungua kinywa, akachukua ufunguo wa ghala, akaenda zake.

Bosi akataka mjane aondolewe na ufunguo uwekwe mezani tu.

"Dada, redioni walikusikiliza huku mikono ikifanya kazi nyingine," alimwambia. "Kwenye gemu mikono ndiyo kazi yenyewe."

"Basi mnauza vidole, si hadithi."

Fundi wa programu alicheka, bosi hakucheka. Hata hivyo alikubali ajaribu mtu mmoja wa mwisho, atakayechaguliwa na Chiriku. Huyo akisikiliza mpaka mwisho na kuendelea na safari, mjane atabaki.

Chiriku akamleta shangazi yake, mshona nguo ambaye hakuwahi kushika padi ya kuchezea gemu maishani. Bosi alimwamkia kwa heshima, akamvutia kiti. Shangazi aligonga kuta, akamsema vibaya mbuzi aliyemzibia njia, mwishowe akafika kwa mjane. Akasikiliza yote mpaka mwisho. Ufunguo ukatokea. Hakuugusa.

"Bonyeza hapo, shangazi, uchukue ufunguo tuendelee," Chiriku alimhimiza.

"Niende wapi? Mtu ametoka kunieleza kifo cha mumewe. Nampaje pole?"

Kitufe cha pole hakikuwepo. Alivijaribu vyote vilivyokuwepo: mchimba visima akaruka juu, akachuchumaa, akamwinulia mjane sururu usoni. Shangazi akaona haya, akaiweka padi mezani.

"Mmemfanya huyu mwanamume hana adabu," alisema, na hakuishika tena.

Bosi alisema wale wa mwanzo wanapitisha maneno, huyu amekwama, na kote kuwili ni hasara. Chiriku alipandwa na hasira. Kila siku anaambiwa gemu haiwezi kusimulia, na hapa mtu amesimuliwa mpaka ameshindwa kunyanyuka! Redioni shangazi angesikitika tu. Hapa aliona aibu kwa kilichofanywa na mkono wake mwenyewe. Akaomba kitufe kimoja, cha pole. Fundi alikiri kwamba kinawezekana, ila kila mtu wa ndani ya gemu angehitaji jibu lake. Bosi akasema hakuna muda huo, mambo yaishe.

Mjane alifutwa kabla shangazi hajamaliza kunywa maji aliyopewa. Fundi akauliza, kwa sauti ya chini, maandishi gani yatokee mchezaji akifika kwenye ile meza.

"Andika 'ufunguo'," Chiriku alisema, akamshika shangazi mkono wakashuka ngazi.