Fundi Aliyeweka Kikombe Chini

Fundi niliyemchafulia jina kijiji kizima alikuja hemani kwetu mchana kweupe, akaketi, akapokea kahawa ya baba, kisha akaiweka chini bila kuonja.

Wanaume wote waliokuwa hemani wakageuka kumtazama.

Kwetu hapa Rum, jangwani karibu na Aqaba, mgeni akiweka kikombe chini namna ile, ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe. Na mwenye nyumba hawezi kumwacha aondoke nayo. Ni aibu itakayosimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Natamani ningesema nilishtuka. Nilijua vizuri sana kilichomleta.

Naitwa Suwailim. Nabeba wageni jangwani kwa gari langu, kuukuu lakini linavuta magurudumu yote manne. Miezi miwili kabla ya siku ile, difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya magurudumu, ilianza kuvuja. Kila nikiegesha naacha doa la oili mchangani, na madereva wenzangu hawakunipa nafasi.

"Suwailim, gari lako linakojoa hadharani! Lifunze adabu!"

Nikaenda kwa Dhaifallah, fundi pekee kijijini. Akapandisha gari kwa jeki, akafungua shafti, akang'oa sili iliyochoka, ile pete ya mpira inayozuia oili, akagonga mpya taratibu mpaka ikakaa.

Kabla ya kujaza oili akauliza, "Kile kibomba cha kupumulia juu ya difu, kiko wazi?"

"Nimekiona mwenyewe, kiko safi. Fanya kazi yako, sheikh."

Hakukigusa. Mtu akishasema kwa kinywa chake, kwetu kumkagua ni kumwita mwongo.

Siku nne tu, oili ikarudi. Akabadilisha tena bila kunung'unika. Nikapanda matuta ya mchanga mara mbili, ikavuja vilevile.

Basi, nikafungua domo.

Harusini kwa binamu yangu, mbele ya madereva wote, nikasema, "Dhaifallah anaokota sili zilizotumika, anazisugua kwa petroli, anatufungia sisi. Mlikuwa hamjui?"

Sikuwa na ushahidi hata chembe. Nilikuwa na hasira na watu wa kunisikiliza, ikatosha.

Wiki tatu baadaye karakana yake ilikuwa na kuku badala ya magari. Madereva wanaendesha saa nzima mpaka Aqaba kwa kazi ya pale mlangoni. Nikasikia anafungasha, anataka kuhama na wanawe.

Nikasema, safi sana. Ndiyo, mimi.

Turudi hemani.

"Kunywa kahawa yako, Dhaifallah," baba akasema. "Haja yako imetimia."

"Abu Suwailim, naomba gari la mwanao nilifungue hapa, mbele ya wanaume hawa. Kama sili niliyofunga si mpya, Jumamosi hamnioni tena kijijini."

"Kunywa."

Akanywa.

Tukaingia chini ya gari wawili, yeye na spana, mimi na beseni la kukingia oili. Nje wamesimama wanaume kumi na wawili, naona viatu vyao tu.

Hakuanza na sili. Alipitisha mkono juu ya difu, akakipapasa kile kibomba, akavuta kitu.

Fyuuuu!

Upepo wa moto ukatoka na kunipiga usoni. Mkononi mwake kulikuwa na kitambaa kilicholowa oili, chekundu na cheupe.

Ilikuwa kona ya kilemba changu. Kilemba kilekile nilichokuwa nimevaa.

Ndipo nikakumbuka. Wakati wa vumbi kali la majira ya machipuko nilikata ile kona nikazibia kibomba, mchanga usiingie. Nilijiona mjanja kuliko waliotengeneza gari, na nikahesabu kwamba huko ndiko kukiweka safi. Kumbe difu ikipata moto, hewa inatafuta pa kutokea. Ikikosa, inasukuma oili kwenye sili. Dhaifallah angefunga sili mia, zote zingevuja.

Akaniangalia. Akaangalia kichwa changu.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "sema wewe mwenyewe."

Nikageuza uso, nikaanza kusogeza beseni.

"Vipi huko?" baba akaita. "Mmeona nini?"

Dhaifallah alinisubiri. Wallahi alinisubiri. Kisha akafumba kiganja.

"Mchanga, Abu Suwailim! Kibomba kimeziba kwa mchanga. Hakuna mwenye kosa."

Akaitoa na sili, akawapa waishike mmoja mmoja. Mpya kabisa. Watu wakasema alhamdulillah, na mimi nikasema kwa sauti kuliko wote. Hiyo alhamdulillah ikinijia nikiwa naendesha, mpaka leo napunguza mwendo.

Magari yakaanza kurudi kwake. Mimi nikawa nazunguka mbali nisipite mlangoni pake.

Siku ya nne nikaenda karakana. Akanimiminia kahawa. Nikaiweka chini.

Akacheka kidogo. "Msamaha nilishakupa chini ya gari. Kunywa, inapoa."

"Sikuja kwa msamaha. Nataka Ijumaa, baada ya sala, usimame nami mbele ya watu."

"Suwailim, baba yako atakuwepo."

"Ndiyo maana."

Akafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Kunywa," akasema.

Ijumaa nikasema yote, Dhaifallah amesimama kando yangu. Kitambaa, harusi, ule uongo wa petroli. Nikamaliza, nikangoja matusi.

Hakuna aliyeshangaa. Hata mmoja.

Baba akanisogelea, akashika kilemba changu, akakinyanyua pale ambapo kona haipo.

"Mwanangu, Dhaifallah alipotoka chini ya gari, uzi mwekundu ulikuwa unaning'inia kiganjani mwake. Sote tuliuona. Akatuangalia, tukaelewa anataka tunyamaze." Sauti yake ikapungua. "Tangu siku ile kila asubuhi nakaa na dele ya kahawa, nakungoja uje uniambie. Hukuja."

Ndugu zangu mnaosoma, nilikuwa najificha uchi katikati ya uwanja.

Kama umemchafua mtu mbele za watu, usimtumie ujumbe wa simu wa kumwomba radhi kimyakimya. Rudi kwa watu walewale, useme kwa sauti ileile. Nami naongeza: nenda mapema, kwa sababu huenda kuna mzee anakungoja.

Kilemba sijakitupa. Nakivaa hivyohivyo, na kila asubuhi nakunywa kahawa na baba kabla sijawasha gari.