Uso wa Hirwa kwenye mteremko wa Kinyinya

Jua linapochungulia juu ya nyumba zinazojengwa Kinyinya, kaskazini mwa Kigali, Umuhoza Christella ameshapanda ngazi. Mkono wa kushoto umeshika kopo la rangi ya kahawia, wa kulia brashi nyembamba. Mbele yake, kwenye ukuta uliopigwa lipu, uko uso wa kijana ambaye bado hana macho.

Anachora mdomo. Anarudi nyuma kidogo, anautazama, anaufuta kwa kitambaa, anaanza upya.

Nyuma yake, kwenye kona ya uwanja wa mpira, uko mteremko wa saruji ambao vijana wa mtaa huteleza juu yake kwa skeiti, vile vibao vya kusimamia vyenye magurudumu manne. Leo hakuna anayeteleza. Katikati ya mteremko kimetandikwa kitenge cha buluu, na kila pembe yake imebanwa kwa tofali.

Kitenge hicho kina wiki ya sita hapo. Watoto wakipita hukizunguka. Mvua ikikilowesha, mtu hukichukua, hukikausha na kukirudisha, na hakuna anayesema ni nani.

Chini ya kitenge uko uso mwingine wa kijana huyo huyo. Christella ndiye aliyeuchora, na kwa sababu yake leo anachora tena, bila malipo na kwa woga.

"Kama huu hautakuwa yeye, basi," anasema bila kugeuka. "Mama yake ametamka, na mimi nimekubali."

Christella ana miaka thelathini na sita na binti mmoja anayesoma shule ya msingi. Kazi yake ni kuandika na kuchora mabango ya maduka. Utamkuta mtaa wa Biryogo, kwenye vichochoro vya mafundi cherehani na vibanda vya chai, amechuchumaa mbele ya saluni akiandika jina la mwenyewe kwa herufi nyekundu, au juu ya mlango wa mkahawa akichora sahani ya pilau inayotoa moshi.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, aliyekuwa akichora mabango hayo hayo kabla yake. Bango moja humpa faranga elfu kumi na tano, na rangi ni juu yake. Siku hizi wenye maduka wengi hupeleka kazi kwenye mashine za kuchapa, kwa hiyo iko wiki inayokwenda na bango moja, na iko inayokwenda bila chochote. Haoni haya kusema kwamba kuna siku amepiga magoti kuomba Mungu amletee hata mtu wa kuandikiwa "Hakuna mkopo" ukutani.

Hirwa alimkuta kwenye kazi ya namna hiyo. Alikuwa kibarua wa ujenzi wa miaka ishirini na moja, mrefu, mwenye pengo mbele na kicheko kilichoanza shavu la kushoto kabla ya la kulia. Alimpa skeiti yake kuukuu, akaomba achorewe chini yake ng'ombe wa inyambo, wale wa pembe ndefu.

Christella alimwuliza kama ana akili timamu. Ng'ombe ana miguu yake minne, akamwambia, huyu wa kwako wa magurudumu atachungwa na nani?

"Atanichunga mimi, dada," Hirwa alijibu, na akina mama waliokuwa wakinywa chai hapo wakacheka.

Hakuwa na pesa za kutosha. Alimbebea ngazi siku nzima hadi deni likaisha, na jioni akamwalika Kinyinya akaone wenzake. Christella alikwenda kwa udadisi tu. Aliwakuta vijana kama arobaini, wavulana na wasichana, wakianguka na kuinuka, na wadogo wakifundishwa kusimama. Skeiti zilizovunjika hawakuzitupa. Walizitundika kwenye uzio na kuzipaka rangi, hata uzio wote ukawa kama nguo zilizoanikwa.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda ukiisha na watu wakiweka chini majembe ya kazi za jumuiya, Christella alikwenda Kinyinya na makopo yake yenye mabaki ya rangi. Watoto walichora, wakubwa waliteleza, na waliokaa pembeni walisifu kwa desturi yao: hawapigi makofi, wanagonga skeiti zao chini.

Mteremko waliujenga wenyewe. Nzeyimana Valens, fundi mwashi ambaye naye anateleza, ndiye aliyeulainisha kwa mwiko wake. Aliyechanganya saruji alikuwa Hirwa, kwa koleo, kutoka asubuhi hadi giza lilipoingia.

Miezi michache baadaye, msimu wa mvua, Hirwa alikuwa akichimba msingi wa nyumba ya mtu upande wa pili wa kilima. Udongo uliporomoka. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Mama yake, Nyiraneza, ni mjane anayelima mboga bondeni. Hirwa alikuwa mtoto wake wa pekee.

Mwaka ulipokaribia kutimia, vijana walitaka kumkumbuka. Walikusanya rangi, wakamwomba Christella amchore. Yeye aliwaza ukuta, kwa kuwa maisha yake yote amechora kwenye kuta. Valens akasema hapana. Ukutani Hirwa atakuwa kama tangazo, alisema, atawatazama tu. Saruji ile aliichanganya yeye, basi akae pale pale wanapopita, magurudumu yamguse kila siku.

Wote wakaona neno hilo ni jema. Kwao hakuna mahali pa heshima kushinda mteremko. Christella naye akaona hivyo. Akachora kwa siku tatu, amelala kifudifudi kwenye saruji, kwa kutazama picha hafifu ya simu na kwa kukumbuka. Siku ya tatu kile kicheko kikatokea, shavu la kushoto kwanza.

"Nilimfikiria Hirwa," anasema. "Nikawafikiria vijana. Mama yake sikumfikiria hata kidogo. Nami ni mama."

Jumamosi iliyofuata Nyiraneza alitoka kanisani kwenye misa ya kumbukumbu, amevaa umushanana mweupe, vazi refu la heshima, na kitenge cha buluu begani kwa ajili ya baridi. Walimwekea kiti mbele. Alikaa mkabala na jua na mteremko ulikuwa uking'aa, kwa hiyo hakuuona uso mara moja.

Vijana walipanga mstari juu. Waligonga skeiti chini, wote kwa pamoja, mara moja, kisha wakaanza kushuka mmoja mmoja bila kusema neno. Hiyo ndiyo salamu yao kubwa kuliko zote. Wa kwanza alipita kwenye paji la uso. Wa pili akapita kwenye mdomo.

Wa tatu alikuwa bado yuko juu mama alipoinuka.

Alitembea polepole, kwa maana magoti yanamsumbua, akapanda mteremko kwa mikono na miguu. Alivua kitenge begani akamfunika mwanawe. Kisha akaketi kando yake, akawatazama wale vijana waliokuwa wakija kula kwake.

"Munamkanyaga mtoto wangu usoni," alisema. Hakupaza sauti.

Msichana mmoja akaanza kulia. Christella alipiga magoti mbele ya mama, akamwomba radhi, akamwambia kabla ya usiku uso ule utakuwa umefutika.

Hapo ndipo mama alipowashangaza tena. Alikishika kitenge kwa mikono miwili na kukataa.

Siku nne baadaye Christella alimfuata nyumbani. Nyiraneza alimkaribisha, akampa chai, na kwa muda mrefu waliongea habari za mvua na bei ya viazi. Kisha mama akatoa kitambulisho cha Hirwa kutoka ndani ya Biblia, akakiweka mezani.

"Tazama. Hapa hacheki," alimwambia. "Mimi mama yangu sina picha yake, baba sina, ndugu zangu sina hata mmoja. Mwaka ule wa mauaji kila kitu kiliungua. Sasa sura zao zimenitoka, nikizitafuta sizioni. Hirwa naye alikuwa ameanza kunitoka. Nikafika pale uwanjani, nikamkuta anacheka. Ukimfuta, nitamwona wapi?"

Christella akasema atamchora upya ukutani, juu, mahali ambapo hakuna mguu unaofika.

Mama akamwuliza kama ana hakika atatoka yeye yule yule.

Angeweza kusema ndiyo. Wateja huwaambia ndiyo kila siku. Lakini kile kicheko kilikuja chenyewe, na hakujua kilikuja vipi.

"Sijui, mama," alimjibu. "Nitajaribu."

Nyiraneza aliitikia kwa kichwa, akatoa sharti lake. Achore kwanza. Yeye atakuja kutazama kwa macho yake. Akimwona mwanawe pale ukutani, mteremko watarudishiwa vijana. Asipomwona, kitenge kitabaki, na atakayeteleza pale atamjibu Mungu.

Valens alilipokea sharti hilo bila ubishi, na yeye ndiye aliyejenga ukuta. Hata hivyo alijua linawagharimu nini. Mteremko ni mmoja tu. Wiki zilivyopita, watoto walipungua. Wengine walionekana wakiteleza kwenye barabara ya lami inayoshuka bondeni, katikati ya pikipiki na malori ya mchanga. Mama mmoja alikwisha kumpiga marufuku mwanawe. Valens anasema amekuwa akilala akiwaza mtoto wa pili wa kuzikwa.

Hayo yote Christella anayajua leo hapo juu ya ngazi. Mdomo ameufuta mara tatu. Mara ya nne anauacha. Anachora macho, jambo ambalo siku zote huliweka mwisho, kisha anashuka na kwenda kunawa mikono bombani. Hataki kuutazama tena.

Saa nne Nyiraneza anafika, ameshikwa mkono na Valens. Vijana wamejipanga kando ya uzio, skeiti kwapani. Hakuna anayegonga.

Mama anasimama mbele ya ukuta. Anatazama muda mrefu, midomo yake ikicheza kidogo kama ya mtu anayesali. Anakwenda kulia, anakwenda kushoto. Kisha anarudi kwenye mteremko, anainua pembe moja ya kitenge, anatazama chini, anatazama juu.

"Huyu hapana yule," anasema.

Christella anainamisha kichwa. Kwenye uzio mtu mmoja anashusha pumzi.

Mama bado anatazama. "Yule wa chini alikuwa mtoto," anaendelea, taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Huyu shavu limejaa. Shingo imekuwa ya mwanamume. Huyu iko mkubwa."

"Nisamehe, mama. Sikukusudia. Mkono ulikwenda hivyo."

"Nikusamehe nini?" Nyiraneza anageuka, na kwa mara ya kwanza tangu afike uso wake umelegea. "Imepita mwaka na zaidi. Mtoto anakua. Huyu ni Hirwa, amekua."

Anaomba aletewe thina ya kuyeyushia rangi na kitambaa safi. Valens anataka kumsaidia, anamkataza kwa mkono. Anaondoa matofali mwenyewe, anakunja kitenge, anapiga magoti. Anaanza kwenye kidevu. Rangi inalainika, inaingia kwenye kitambaa kidogo kidogo. Anafuta shavu kwa kuzunguka, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto uso asubuhi ya kwenda kanisani, na anamwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa Kinyarwanda wa kubembelezea.

Christella anapiga magoti upande wa pili, anashika kitambaa kingine. Inawachukua hadi karibu saa sita.

Saruji inabaki na kivuli cha kahawia tu. Mama anakikunja kile kitambaa chenye rangi, anakitia kwenye kikapu chake. Kisha anawaambia vijana wasisimame kama milingoti, kwani wamekuja kufanya nini?

Wanatazamana. Anayeshuka wa kwanza ni msichana yule aliyelia siku ile. Magurudumu yanaunguruma kwenye saruji, anafika chini salama, na hapo ndipo skeiti zinapogongwa, nyingi kwa mpigo, hadi mbwa wa jirani wanabweka. Nyiraneza anaziba masikio. Anauliza kama Hirwa naye alikuwa akipiga kelele namna hii, anaambiwa alikuwa kinara wao.

Christella anaosha brashi zake. Jumatatu ana bango la duka la dawa huko Gitega, mtaa jirani na Biryogo, na ada ya shule ya binti yake bado inamsubiri. Lakini kazi ya ukuta huu, anasema, haikuisha leo. Mvua za Kigali hazina huruma na rangi, na mwaka mmoja unatosha kuifanya ipauke. Wamekubaliana na mama kwamba kila mwaka, msimu huo huo, atarudi na makopo yake kumchora tena, na mama atakaa kwenye kiti kumwelekeza. Kwa mwaka ujao Nyiraneza ameshatoa maagizo: ndevu kidogo, kama za baba yake, na pengo lisisahauliwe.

Anakaza kifuniko cha kopo kwa kiganja, anautazama ukuta.

"Mungu akinipa uzima," anasema, "nitamfikisha mvi."