Ulezi Niliomwaga kwa Mkono Mmoja

Siku ile uani kwetu Iyula tulikuwa sita. Bibi yangu, mama yake baba. Baba. Mama. Mume wangu, aliyetoka upande wa Tunduma kunifuata, na kaka yake mkubwa aliyemsindikiza. Wa sita mimi. Majina yao yote ninayo kichwani, ila siyaandiki, maana wajukuu wao wapo na hawakumkosea mtu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani wiki ile. Mume wangu alinipiga tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na mara ya mwisho alinivunja mkono wa kushoto, nikatoroka kwa miguu. Mama alinikanda, akaufunga mkono kwa vijiti. Bibi hakuniuliza kitu. Alinitazama tu, akanitania, "Mke mwenzangu, umekonda hivi, babu yako atanilaumu mimi," akanimiminia uji.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Baba alikuwa mtu mwema, lakini maneno ya watu aliyaogopa. Alisema mume akija kuomba radhi, itabidi nirudi. Bibi hakubishana naye. Asubuhi ya siku ile alinipeleka kwenye kipande cha shamba nyuma ya nyumba, kimekwisha kulimwa, akanijazia mbegu za ulezi kiganjani.

"Mwaga."

Nikamwambia mkono unauma.

"Ulezi haumwagwi kwa mikono miwili. Mwaga kwa huo mzima."

Nikamwaga, yeye akawa anafukia kwa jembe.

Walipokuja wale wawili, walichuchumaa, wakapiga makofi ya heshima, wakaeleza. Mume wangu alisema zilikuwa hasira tu. Baba akanigeukia, akaanza, "Basi, mwanangu..."

Bibi akamkatiza. "Huyu amekwisha kumwaga ulezi."

 Kwetu enzi zile, mwanamke aliyemwaga mbegu haondolewi mpaka avune. Shamba likikosa mwenyewe, njaa inawafuata waliomwondoa. Hilo hata mtoto alilijua.

"Ulezi gani, bibi?" mume wangu akauliza. "Mbona mimi naona udongo tu?"

"Ingia ufukue, utauona."

Hakuingia. Kaka yake akamwambia, "Si nilikuambia tuje kabla ya mvua? Ukasema kwanza tumalize pombe."

Mama akageuka upande, akaziba mdomo kwa nguo.

Wakati wa mavuno walirudi, wakakuta nimepanda maharage.

"Na maharage yakiisha, bibi?" kaka mtu akauliza.

"Viazi vitakuwa vimeshika."

Yule kaka akacheka mpaka akakaa chini. Mume wangu hakucheka.

Lakini aliyenishangaza ni baba. Siku chache baadaye alitokea na kikapu cha miche ya kahawa, akakitua miguuni pangu.

"Panda hii," akasema. "Hii ikianza kuzaa, unavuna mwaka huu, mwakani unavuna tena, haina mwisho." Kisha akachukua jembe, akachimba mashimo yote mwenyewe. Nikajua sitarudishwa tena. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta ulezi wangu, anamtazama mwanawe kwa jicho la kuridhika.

Ni miaka mingi sasa; labda viazi ndivyo vilivyotangulia, maharage yakafuata. Labda pia kaka mtu ndiye aliyeambiwa afukue. Kama wewe ni mmoja wa wajukuu wale, na wazazi wako walikusimulia vingine, njoo uniambie, nami nitasahihisha.