Birika Jekundu

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, kule Morningside, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi ya gari langu dogo. Unaijua ile taa: ina umbo la birika linalodondosha tone moja. Oili ilikuwa imepungua tu. Nikaongeza, taa ikazimika, mambo yakaisha. Lakini kwa kitambo kile, rafiki yangu, nilirudi nyuma ya usukani wa lori la baba, mwishoni mwa miaka ya tisini, pua yangu ikijaa harufu ya kabichi, dizeli na magwinya, yale maandazi ya Wazulu, yakiwa bado ya moto ndani ya gazeti.

Mimi ndiye mkubwa wa watoto watatu. Mama alitangulia, baba akamfuata, wakatuachia chumba kimoja cha ghorofa mjini Durban na lori kuukuu la rangi ya majivu. Niliacha shule, nikachukua leseni, nikaendelea na kazi ya baba: kupakia mboga alfajiri kwenye soko la jumla na kuwapelekea akina mama wauzaji wa soko la Warwick. Walinicheka mwanzoni, msichana mwembamba juu ya lori kubwa, kisha wakanizoea, wakawa wananitunzia mahindi ya kuchemsha. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyepika. Sombe yake, kile kisamvu cha kwetu Kongo, ilinukia hadi kwenye ngazi za jengo. Kitinda mimba wetu alikaa kando yangu siku zisizo za shule, akilinda dashibodi kama askari.

Kuna kitu lazima nikueleze kuhusu lile lori. Kifuniko cha tundu la kumiminia oili kilipotea baba akiwa hai. Kama wafanyavyo madereva wengi wa kwetu Kongo, aliziba tundu kwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha kitenge cha mama, kijani chenye maua ya njano. Mama alipokiona alicheka mpaka akakaa chini. “Kumbe lori nayo ni mke mwenzangu! Tunavaa sare!”

Alipofariki, hakuna aliyethubutu kukitoa. Kila asubuhi nilifungua boneti, nikakibonyeza kitambaa kwa kidole gumba, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu kwake.

Kisha birika likaanza kuwaka.

“Yaya, birika!” kitinda mimba alipiga kelele tukipanda kilima cha Berea. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. Nilisimama kando, nikapima oili kwa kijiti: imejaa. Kesho yake likawaka tena, na siku iliyofuata pia.

Baba mdogo, aliyekaa Queensburgh, alikuja na rafiki yake mwenye kujua magari. Rafiki akasikiliza injini, akatikisa kichwa: beringi zimekwisha, injini ni ya kutupwa. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kitanda chetu, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akasema Jumamosi angemleta mnunuzi wa vyuma chakavu. Bila lori hatungeweza kulipa chumba. Yeye angemchukua kitinda mimba, familia moja ya kanisani ingemchukua mdogo wangu wa kiume, nami ningetafutiwa kazi ya ndani. Usiku ule sombe haikuliwa.

Nilikwenda kwa jirani wa chini, fundi aliyewahi kutengeneza malori ya migodi Katanga. Alikuwa akila, hakuinua macho.

“Taa inawaka saa gani? Gari ikisimama ao ukikanyaga?”

“Nikikanyaga, papa. Nikipanda kilima. Nikizima ili kushusha mboga, nikija kuwasha tena inakuwa sawa kwa muda.”

Sasa akaacha kula. “Beringi ikiwa imekufa, presha ya oili inashuka gari ikinguruma polepole, inapanda ukikanyaga. Yako iko kinyume. Iko kitu inaziba koo. Ukizima, inaanguka, ukikanyaga, inavutwa tena. Mbele ya kuzika mutu, mwangalie kwanza kama anapumua!”

Jumamosi asubuhi tukawa chini ya lori. Alitoa swichi inayowasha ile taa ya birika, akafunga mahali pake geji yake ya kupimia presha. Mshale ulipanda vizuri, nilipokanyaga ukaanguka. Tukamwaga oili. Aliisugua kati ya vidole akaielekeza juani: hapakuwa na vumbi la chuma linalometa, kwa hiyo beringi zilikuwa nzima. Tukafungua sampu, lile bakuli la chuma chini ya injini. Chujio, ambalo kupitia kwalo pampu huvuta oili, lilikuwa limevaa kofia nene ya nyuzi. Fundi akazivuta, akazifuta kwa mafuta ya taa.

Kijani. Na njano.

Nyuzi za kitenge cha mama, nilizokuwa nikizisukuma ndani kila asubuhi kwa kidole gumba. Fundi, aliyeujua utani wa mama, akakohoa: “Eish! Mke mwenza ameamka.”

Tukacheka wote, na mimi nikalia humo humo ndani ya kicheko. Tuliosha chujio, tukafunga gasketi mpya, tukamimina oili mpya, tukaziba tundu kwa kifuniko cha chuma kutoka kwenye gari bovu. Baba mdogo alipofika na mnunuzi wake, nilimwomba apande mbele. Nilipanda Berea nikikanyaga hadi mwisho. Hakutazama barabara hata mara moja, alitazama dashibodi tu, na birika halikuwaka. Kule juu akavaa kofia yake. “Sawa. Mwambie yule mzee wa vyuma arudi kwake. Watoto wabaki.”

Lile lori halipo tena, wala fundi hayupo, na jengo letu limepakwa rangi nisiyoipenda. Magwinya hayafungwi tena kwa gazeti. Sisi watatu tumetawanyika miji mbalimbali, lakini tulitawanyika wenyewe, tukiwa watu wazima, kila mmoja na funguo zake. Kipande cha kitenge kiko kabatini kwangu. Nimekifua sana na bado kinanuka oili.

Juzi ile, robot ilipogeuka kijani, niliegesha nikampigia mdogo wangu wa kiume.

“Birika limewaka,” nikamwambia.

“Yaya,” akasema, “safari hii umeziba na nguo ya nani?”