Mbege ya Ubatizo Ilivyoishia Kwenye Rejeta

Nasema mwenyewe kabla wifi yangu hajawasimulia, maana yule huongeza chumvi: ni kweli siku ya ubatizo wa mwanangu niliingia kanisani Marangu nanuka kama kilabu cha pombe, na ni kweli sikuwa nimeonja hata tone. Chekeni kwanza, mkimaliza niendelee.

Ilianzia gereji moja ya Njoro, Ijumaa. Gari yetu ilikuwa inamaliza maji bila kuvuja popote, nikaipeleka. Fundi Side (shati wazi kifuani, anaongea na simu huku anakutazama kama wewe ndiye unayemchelewesha) akafungua boneti, akachungulia kifuniko cha oili, akaguna, halafu akaniuliza, "Shemeji yuko wapi?"

"Shemeji wa nini? Gari nimeleta mimi."

"Dada, haya ni mambo ya injini. Gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yanaingia kwenye oili, ona ilivyokuwa kama chai ya maziwa. Iache hapa tufungue. Mwambie shemeji anipigie nimweleze vizuri."

Jamani! Nimezaa mwenyewe, naendesha mwenyewe, duka naamka kulifungua mwenyewe, halafu ugonjwa wa gari nieleweshwe kupitia mume? Hapo hapo nikaamua huyu ni mwongo. Ushahidi sikuwa nao, nilikuwa na hasira, na kwangu mimi hivyo viwili vinafanana sana. Nikamwambia funga boneti. Akasema, "Basi usipande nayo mlima, dada." Nikamjibu kwamba mlima ni kwetu, asinifundishe kuupanda.

Jumapili nikaupanda. Mume wangu alitangulia jana yake kuchinja mbuzi, kwa hiyo garini ni mimi, wifi yangu Upendo amempakata mwanangu Elibariki aliyevikwa gauni jeupe, na nyuma dumu kubwa la mbege, pombe yetu ya ndizi, aliyoipika mama yangu mzazi niwapelekee wakwe zangu, maana kwetu huendi kwenye shughuli ya mjukuu mikono mitupu. Na mama mkwe alishanionya: mchungaji akiita watoto na wewe hupo, mwanao atasubiri zamu nyingine, na mbuzi tutamla bila sababu.

Tulipoanza kupandisha kutoka Himo, mshale wa joto ukapanda haraka kuliko sisi. Nikasimama, nikamimina maji yote tuliyokuwa nayo, hadi ya chupa ya mtoto. Kona chache mbele moshi mweupe ukafuka, gari ikazima, na kengele ya kanisa tunaisikia kule juu.

"Wifi, mpigie fundi," Upendo akasema.

"Bora nife."

"Na maji tunatoa wapi?"

Mto uko chini kabisa bondeni na mimi nimevaa viatu virefu. Nikatazama dumu. Upendo akanitazama mimi. "Mama Eli, usithubutu!"

Nikathubutu. (Mbege ni nini? Ni maji, ndizi na ulezi, nikamwambia, tena kwa sauti ya kujiamini.) Nikangoja injini ipoe kidogo, nikamimina, na rejeta ikanywa kuliko mzee yeyote wa Marangu, haikupumzika mpaka dumu likawa tupu. Gari ikawaka! Nikapiga vigelegele peke yangu.

Furaha ya kona mbili. Tukasikia paa! mfuniko ukaruka, povu la ulezi likafunika kioo chote, nami nilipotoka kwenda kutazama likanimalizikia kifuani (lilishapoa kidogo, Mungu ni mwema). Gari ikakohoa, ikanyamaza moja kwa moja.

Kanisani tulifika juu ya pikapu ya majani ya ng'ombe. Mtoto wa mwisho alikuwa anarudishwa kwa mama yake, nikapita katikati ya viti mbio, viatu mkononi. Mchungaji akainama kuuliza jina, akanusa, akainuka polepole.

"Mama, uko salama?"

"Ni gari, Mchungaji."

"Gari ndiyo imekunywa?"

"Ndiyo, Mchungaji."

Kwaya ndiyo ilianza kucheka. Lakini Elibariki akabatizwa, hilo hamniondolei.

Nyumbani wazee wameshakaa, kata za kunywea zimeoshwa, mama mkwe anauliza dumu. Upendo akaniwahi: "Mama, yote imekunywa rejeta." Babu mkubwa wa ukoo nikamwamkia shikamoo, akajibu "marahaba" kama mtu anayepokea rambirambi.

Jumatatu nikampigia fundi, mimi mwenyewe, sauti ndogo. Akaja na kamba, akachungulia, akauliza, "Dada, humu mmepika uji?" Ilikuwa gasketi tu, sasa hedi yenyewe imepinda, na ulezi umegandia kila mahali.

Mwanangu kabatizwa Elibariki, lakini ukoo mzima unamwita Rejeta, na kibaya zaidi ameanza kuitika. Dharau ya yule fundi sijaisamehe. Ila naapa mbele yenu: siku nyingine fundi akiniudhi nitamgombeza mpaka sauti inikauke, halafu nitamwachia funguo.