Jino la Nusu Bei

Haya, chekeni mmalize kabisa, maana yule anayesemwa kila harusi hapa Buzebazeba kwamba alidondosha jino ukweni ni mimi mwenyewe, wala sikusingiziwa.

Nilikuwa na pengo la mbele. Daktari wa meno wa hapa Kigoma aliponitajia bei ya jino la bandia, nikajitia mjuzi wa mataifa: nikaulizia Uvira, nikaulizia Bujumbura, hata shemeji yangu aliyeko India nikampigia (yeye anauza vitambaa, lakini si yuko India?). Bujumbura ikawa nusu bei. Nikapanda basi, nikawekewa, na daktari wa kule akanieleza vizuri tu, "Hili ni la muda, mzee, urudi baada ya wiki mbili tulikaze," nami nikaitikia, ila nilipopiga hesabu ya nauli na pa kulala nikaona nikirudi faida yote inakwisha, na mtaa mzima nimeshautangazia kuwa wa Kigoma tunalanguliwa! Nikasema, mbona limekaa tu? Sikurudi.

Mwezi uliofuata nikawa mshenga wa mpwa wangu Hamisi, tukaenda Kidahwe kuposa. Mambo yalikwenda vizuri, tukaletewa chai na mahindi ya kuchemsha, mpaka baba wa binti alipolalamika kwamba goti linamsumbua na matibabu siku hizi ni ghali. Nani aliniuliza? Nikadakia, Burundi hivi, Kongo vile, India usiseme, na ili ashuhudie nikaukamata muhindi nikaung'ata kwa nguvu. "Tazama, mzee wangu, nusu bei!"

Jino likabaki kwenye muhindi. Nikalidaka, likaniponyoka, likatumbukia kwenye kikombe chake.

Hamisi akajifunika uso kwa kofia, na mimi nikimwona nikajua posa ya watu nimeiua. Mzee akachungulia kikombe, akaniangalia.

"Mshenga, hili nalo ni la mahari?"

"Thamahani, mzee," nikasema (pengo hilo!), na hapo mama wa binti akacheka mpaka akashika ukuta, mzee naye akashindwa kujizuia, nyumba nzima ikaangua kicheko. Posa ilikubaliwa siku hiyohiyo.

Hili mnaloliona nimewekewa hapahapa Kigoma, na ukijumlisha safari za watu wabishi, hakuna jino ghali kama hili ziwa zima. Sasa mtu akinisifia matibabu ya nchi fulani kuwa ni nafuu, namuuliza kwanza: utarudi mara ngapi? Na ushenga nimeacha.